Kabla ya Mpigo

Kidaka cha kwanza tulikiunguza.
Si mpigo uliokiunguza. Mpigo ni safi,
huja na kupita kabla ukope haujakumbuka kufumba,
humenya masizi ya koroboi ya miaka mia
na kuiacha chokaa chini yake kama yai lililotoka ganda.
Kilichounguza ni kile kinachoutangulia:
mwanga wa ovyo, mwanga usiotumwa,
unaovuja kwenye fuwele ya kukuzia nguvu
wakati chombo kingali kinajaza pumzi,
unanong'ona ukutani, unanong'ona,
hata chokaa ikageuka rangi ya meno ya mtafuna tumbaku.

Shekuwe aliapa kuwa chokaa ndiyo mbovu.
Akaunguza cha pili ili kuthibitisha.
Nikamwonyesha skrini: huu mnara ndio mpigo,
na hizi nyasi zilizoota mguuni pake,
hizi, bwana, ndizo zilizotula.
Akasema, Somoe, kelele za mlango
hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi.
Mlango wa nani huo?
Wetu unalia kabla mgeni hajabisha,
na mgeni akifika, mwenye nyumba keshaamka,
keshakasirika, keshaunguza wali.

Tulikuwa Mkomani, nyumba ya marehemu Mwanaesha,
madirisha tumeyaziba kwa leso mbili mbili,
jenereta linakohoa uani,
punda wa mchanga wamekwama kichochoroni
na mwenye punda anatutukana kwa utaratibu.
Nilitamani na hayo yangekuwa na kichujio.

Kichujio cha kwanza kilikuja na boti ya Mokowe,
kimefungwa pamba kama jino la dhahabu:
kioo cha rangi moja. Kijani hiki, basi.
Kijani cha jirani yake hakipiti,
wala manjano, wala weupe wa taa za kusukumia.
Nyasi zikapungua nusu.
Kidaka cha tatu kikapata manjano hafifu, ya aibu.
Kwani mwanga wa ovyo nao una kijani chake,
umevaa sare ileile, unapita langoni kwa salamu.

Basi tukautega kwa mwendo wake.
Mpigo hutembea wima; ukivuka lenzi hukusanyika nuktani.
Wa ovyo hutawanyika, hauna pa kwenda.
Tulihitaji tundu,
dogo kuliko neno tundu.

Ami Famau hushona kofia za viua kule Langoni,
vitobo juu ya vitobo, miezi mitatu kofia moja.
Nilimpelekea vipande vya bati
vyembamba kama ngozi ya kitunguu.
"Kwani tundu hini ni ya nani? Hata sisimizi hapiti."
Ya nuru, ami.
Akavuta miwani. Akatoboa vipande kumi na kimoja,
akavitupa kumi, akadai bei ya kofia nzima.
Nikalipa.

Shekuwe alitaka tundu likae mwisho, karibu na ukuta.
Nikakataa. Kule mpigo una nguvu ya kulitoboa bati upya,
na kelele zimeshakuzwa pamoja nao.
Samaki hukunjwa angali mbichi:
tuliliweka mwanzoni, mpigo ungali mchanga,
kabla haujaonja nguvu yoyote.
Mwanga mwingi ulibaki nyuma ya tundu
kama machicha ndani ya kifumbu,
na Shekuwe akahuzunika kama aliyemwaga tui.
Sikumcheka. Mimi pia ilinichukua siku mbili kumeza
kwamba hatukuongeza kitu.

Kisha skrini ikawa na mnara peke yake,
na chini yake ardhi tupu, imefagiliwa.

Kidaka cha nne kilitoka cheupe.
Ndani yake, pembeni, alama ya kidole gumba
cha yule aliyekandika, chenye kovu.
Shekuwe akavua glavu, akaweka chake juu.
Kilikuwa kikubwa mno.

Vile vitatu viko palepale.
Wenye nyumba waliuliza kama rangi itatoka.
Nikawaambia ukweli.
Wakaviwekea vikombe.